Mhandisi mstaafu anayetoa ushauri asisamehewe mafunzo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowahusu wahandisi wenzangu waliostaafu, na pamoja nao kila anayelala chini ya zege walilolipitisha.

Vyama vingi vya wahandisi humtaka mwanachama aliye kazini aoneshe amejifunza nini kila mwaka. Uingereza, kwa mfano, ilianza mwaka 2019 kuwachukulia hatua wanaopuuza kuweka kumbukumbu za mafunzo yao. Anayejiandikisha kuwa mstaafu husamehewa. Sina ugomvi na msamaha huo kwa mtu aliyeweka kalamu chini kweli, lakini wengi wetu hatujaiweka. Kamati ya ujenzi inataka jicho la mzee, wakili anatafuta shahidi mtaalamu, kijana tuliyemlea kazini analeta mchoro tuupitie. Tunawajibu wote, mara nyingi bila malipo, na kwa kuwa hatulipwi tunajihesabu kuwa hatufanyi kazi.

Mwaka jana mhandisi kijana aliniletea hesabu za nguzo za jengo. Mimi nilikulia katika kanuni ya Uingereza, BS 8110, iliyoondolewa mwaka 2010, ambayo hesabu zake zilitumia nguvu ya zege iliyopatikana kwa kuponda kipande cha majaribio chenye umbo la mchemraba. Yeye alifuata Eurocode, kanuni za Ulaya, na zege lake lilikuwa la daraja C30/37. Katika alama hiyo, 30 ni nguvu inayopatikana kwa kuponda kipande chenye umbo la silinda na 37 ni ya mchemraba, na fomula za Eurocode zinadai ile ya silinda. Mkono wangu, kwa mazoea ya miaka mingi, uliandika 37. Nguzo zikatoka salama kupita kiasi, nami nikamwambia azipunguze unene. Namshukuru Mungu kwamba hakutii papo hapo. Alirudi siku ya pili na kitabu cha kanuni, akauliza kwa adabu, "Mzee, hii 37 tumeitoa wapi?" Nilikuwa nimelipandishia zege lake nguvu kwa karibu robo, kwa sauti ya mtu asiye na shaka.

Vigawo vya mizigo, yaani namba za kuzidishia mzigo ili kuwe na akiba ya usalama, navyo vimebadilika: mzigo wa kudumu, kama uzito wa jengo lenyewe, uliokuwa ukizidishwa kwa 1.4 sasa kwa kawaida huzidishwa kwa 1.35, na kigawo cha mzigo wa matumizi, kama watu na samani, kimeshuka kutoka 1.6 hadi 1.5. Anayechukua nusu huku na nusu kule hupata jibu lisilo na kanuni ya kulitetea.

Wapo watakaosema kwamba uzoefu unatosha. Daraja la Quebec, Kanada, lilianguka likiwa bado linajengwa tarehe 29 Agosti 1907, likaua wafanyakazi 75. Mhandisi mshauri wake, Theodore Cooper, alikuwa na umri wa miaka 68, mwenye sifa kubwa kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kumbishia. Umbali kati ya nguzo kuu za daraja uliongezwa, lakini uzito wa daraja haukukokotolewa upya ipasavyo, na yeye aliisimamia kazi akiwa New York kwa sababu afya haikumruhusu kufika pale. Cooper hakukosa ujuzi; alikosa mtu wa kumuuliza maswali.

Kwa hiyo naziomba bodi za usajili ziweke kundi la kati, la mstaafu anayeshauri, lenye ada ndogo na saa chache za mafunzo kuliko za walio kazini, saa zenyewe zikielekezwa kwenye yale yaliyobadilika tangu alipoondoka. Hatuhitaji semina za uongozi. Kulea vijana kuhesabiwe pia, mradi mstaafu aoneshe alichojifunza kwao na si alichowafundisha tu. Na ushauri wowote wa mstaafu, hata wa mdomo, utaje kanuni uliyoifuata na mwaka wake, ili anayeupokea ajue anashika nini. Asiyetaka kuingia kundi hilo awe na ujasiri wa kusema, "Kanuni hizi sijazifuatilia, muulize mwingine."

Kwa upande wangu, nimemwomba kijana yule anisomeshe Eurocode kila Jumamosi asubuhi. Hupenda kuanza na boriti. Mimi nimeomba tuanze na nguzo.

Wako,
Mhandisi mstaafu