Steshoni iliyohama bila kuaga: barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya,
Nairobi.

KUH: KUBADILISHANA STESHONI ZA REDIO KATI YA KISUMU NA NAKURU

Mkurugenzi Mkuu,

Pokea salamu kutoka soko la Kibuye. Mimi ni fundi wa redio. Nimekaa kwenye kibanda changu miaka 22, na kwa muda huo nimejua wateja wangu kwa steshoni zao kabla ya kuwajua kwa majina. Wengine macho yamechoka, tarakimu za redio hawazioni, kwa hiyo nikimaliza kutengeneza huwa natia tone la rangi ya kucha pale sindano inapostahili kusimama. Rangi ni ya mke wangu, nyekundu. Kwa miaka mingi tone hilo nilikuwa nalitia mahali pamoja.

Jumatatu moja mwaka jana, kabla sijamaliza kutandaza vyombo, alifika mama muuza omena na redio yake kwapani. "Fundi, imeharibika. Inaongea mambo ya Thika Road." Nikaifungua, nikapuliza vumbi, nikagusa nyaya mbili kwa risasi ya kuchomelea, nikaweka mawe mapya ya betri. Ikaongea Thika Road vilevile. Nikamtoza shilingi 100, nikamwambia akaijaribu nyumbani. Saa nne akaja dereva wa tuktuk na yake. Kufikia adhuhuri nilikuwa na redio saba mezani, zote nzima, zote zikieleza msongamano wa magari wa Nairobi, mji ulio mbali nasi safari ya siku nzima. Ndipo akili ikanijia nikawasha yangu. (Yule mama nilimrudishia mia yake. Aliipokea bila kusema asante, na sikumlaumu.)

Steshoni yetu ilikuwa imeondoka usiku. Tuliyoyajua baadaye tuliyapata mitaani, na kwa mtangazaji mmoja aliyekuja kibandani kuuza redio yake mwenyewe. Kampuni yenye steshoni hapa ilikuwa imepatana na kampuni yenye steshoni Nakuru: nipe yako, nikupe yangu. Aliyeingia kwetu akawa anatupigia habari za Nairobi. Sitazitaja, na sisemi kwamba kuna sheria iliyovunjwa. Kama ingekuwa imevunjwa ningeandikia polisi, nisikuandikie wewe.

Labda ukiwa ofisini kwako Waiyaki Way ni vigumu kuona kilichopotea, maana kwenye daftari la masafa hakuna kilichopungua: namba ileile, mnara uleule. Basi nikueleze. Karibu saa moja usiku ilikuwa zamu ya matangazo ya vifo. Huku ziwani kifo si cha nyumba moja. Tangazo humtaja marehemu, watoto, wakwe, mahali dada zake walikoolewa, siku mwili utakapotoka mochari na siku ya kuzika. Mtu yuko Ahero anakula, anasikia jina, anaweka tonge chini. Utaniambia siku hizi kuna WhatsApp. Ipo, nami ninayo. Lakini kundi la WhatsApp lina watu unaowajua tayari. Tangazo la redio humfikia hata yule ambaye familia ilikuwa imesahau kwamba ni ndugu. Nimeona watu wakigundua undugu wao hapa mbele ya meza yangu, redio ikiwa bado wazi mgongo.

Mchana ilikuwa salamu. Kuna watu wazima mjini hapa wanaojulikana kwa majina yao ya hewani kuliko ya kitambulisho, waliochangiana mazishi na karo, wala hawakuwahi kuonana ila siku ya harambee. Asubuhi ilikuwa ng'ombe waliopotea, watoto waliopotea, vitambulisho vilivyookotwa stendi. Na mvua ikinyesha milimani, mtangazaji alikuwa akimpigia mtu wa Nyando simu hewani, amwambie maji yamefika wapi, ili wa bonde la Kano wajue kama usiku ule ni wa kulala au wa kuhamisha magodoro. Serikali yenyewe inaijua kazi hiyo. Kule Budalang'i, ambako mto Nzoia huvunja kingo, Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ilianzisha redio ndogo ya wenyeji, Bulala FM, na nyingine Nganyi kule Vihiga, kwa wale Wanyore wenye sifa ya kusoma mvua tangu enzi za mababu. Mvua za mwaka huu zilipoanza, redio mpya kwenye namba yetu ilitushauri tuepuke barabara za chini za Nairobi.

Nakuru nao hawakupona. Shemeji yangu anaishi Kaptembwo. Steshoni yao iliyoondoka ilikuwa ya Kiswahili kitupu, bei za viazi na kabeji alfajiri, kisha mabishano ya mpira. Katika mji ulioonja machafuko ya baada ya uchaguzi, Januari 2008, redio ambayo majirani wote wa plotini wanaielewa si jambo dogo. Wiki ya kwanza baada ya mabadilishano kompyuta za kampuni zilikuwa bado hazijajua zimehama, zikawa zinawapigia Nakuru matangazo ya maduka ya Kisumu. Akanipigia simu: "Shemeji, Nyamasaria ni wapi, nasikia godoro ni bei nafuu?" Tulicheka. Kisha akaniuliza kama yule bwana wa bei za viazi amehamia huku kwetu. Hakuhamia popote.

Haki ya kampuni nayo niiseme. Mawimbi ya FM hukwenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi, ndiyo maana mnara hupandishwa mlimani na mji mmoja huwa na namba zake. Namba zenyewe ni kati ya 87.5 na 108, na katika miji mikubwa zimebanana. Anayetaka kuingia Kisumu leo hapati nafasi mpya kirahisi, kwa hiyo hununua ya mtu au hubadilishana naye. Na mwenye steshoni kadhaa mji mmoja huziendesha kwa jenereta moja na wauza matangazo walewale. Hesabu hiyo hata mimi wa kibandani naipata. Hapa Kibuye jirani yangu fundi wa simu aliwahi kubadilishana kibanda na muuza viatu, mmoja akatoka ndani, mwingine akatoka kando ya barabara. Tofauti ni kwamba kila mmoja alibandika karatasi mlangoni. Ya fundi wa simu ilisema: "Nimehamia karibu na choo cha kanjo."

Usishangae nikikupeleka Marekani, Mkurugenzi Mkuu. Redio siku hizi haziharibiki kama zamani, na fundi asiye na kazi husoma sana kwenye simu. Huko biashara hii ni ya kawaida. Mwaka 2014 kampuni ya CBS Radio iliipa kampuni ya Beasley steshoni 14, karibu zote za Tampa na Charlotte, ikapokea tano za Miami na Philadelphia. Mapatano yalitangazwa Oktoba, na Desemba kila mtu yuko kwake. Mwaka 2017 kampuni nyingine, Entercom, ilipokuwa ikiimeza CBS Radio, Wizara ya Sheria ilitaka ipunguze steshoni zake Boston. WBZ, steshoni ya Boston yenye leseni ya tangu 1921, ikaangukia kampuni ya iHeartMedia, na Entercom ikalipwa kwa steshoni za Richmond na Chattanooga. Steshoni ya miaka 96 ikawa chenji.

Wasikilizaji wa huko hawakunyamaza siku zote. Chicago kulikuwa na WEFM, steshoni ya muziki wa okestra iliyomilikiwa na Zenith, haohao watengenezaji wa redio. Mwaka 1972 Zenith ilipotaka kuiuza kwa kampuni yenye nia ya kupiga roki, wasikilizaji waliunda kamati, wakaenda mahakamani, na mwaka 1974 mahakama ya rufaa ikasema lazima wasikizwe kwanza. Nilipofika hapo nilisimama nikavuta pumzi. Lakini hadithi haikuishia hapo: mwaka 1978 WEFM ilipiga roki, na mwaka 1981 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya wasikilizaji wa WNCN ya New York, ikaamua kwamba mdhibiti anaweza kuachia soko liamue steshoni ipige nini.

Kwa hiyo sikuombi uniamulie muziki. Nimesoma pia kifungu cha 34 cha Katiba yetu, kinachokataza serikali kuingilia utangazaji, na sitaki kifutwe kwa ajili ya salamu zangu za mchana. Mwenye mali auze, abadilishe, apige anachotaka.

Ila kuna kitu kidogo ambacho wasikilizaji wa Marekani hawakunyang'anywa. Steshoni ikiombewa mmiliki mpya, steshoni yenyewe hulazimika kutangaza hewani: mara sita katika wiki nne, siku za kazi, kati ya saa moja asubuhi na saa tano usiku. Inamweleza msikilizaji kwamba maombi yamepelekwa na ayapate wapi akayasome. Akiwa na pingamizi, anajua pa kulipeleka.

Sisi tuna Gazeti Rasmi. Najua Mamlaka huchapisha humo maombi ya leseni na mwananchi hupewa siku 30 za kuleta neno lake. Ni utaratibu mzuri na siubezi. Gazeti hilo hutoka kila Ijumaa. Lakini katika miaka yangu 22 nimeona omena ikifungwa kwa kila aina ya karatasi iliyochapishwa nchini humu, mpaka mitihani ya darasa la nane na risiti za hospitali, na Gazeti Rasmi sijaliona hata likifunga omena. Yule mama wa mia moja angelijuaje?

Ombi langu ni hili tu: kabla hujaidhinisha steshoni ipewe mmiliki mpya, au masafa yake yabadilishwe na ya mji mwingine, iwe ni sharti tangazo lisomwe kwenye steshoni hiyohiyo, kwa lugha inayotumia kila siku, saa ambazo watu wake wanasikiliza, kwa siku zote 30. Liseme nani anaondoka, nani anaingia, kuanzia lini, na barua ya pingamizi itumwe wapi. Sheria ya mwaka 2015 kuhusu haki katika maamuzi ya kiutawala inataka umma ujulishwe kabla ya uamuzi unaougusa, na kifungu cha 10 cha Katiba kinataja ushiriki wa wananchi. Sioni mahali popote palipoandikwa kwamba ujumbe lazima upite kwa karatasi, hasa pale chombo chenyewe kikiwa na mdomo.

Kampuni zitakuambia kwamba wenye matangazo ya biashara watakimbia wakisikia, na kwamba watangazaji watalegeza kazi. Wenye matangazo walijua kabla yetu sote, Mkurugenzi Mkuu. Watangazaji walijua Ijumaa jioni, na wakakatazwa kusema. Yule aliyekuja kuuza redio aliniambia kwamba Jumapili alisoma matangazo ya vifo kama kawaida, na mwisho akasema "tukutane kesho" kwa sababu hakuruhusiwa kusema kingine. Steshoni iliyotangaza vifo vya kila kijiji kutoka Maseno hadi Ahero haikupewa dakika ya kutangaza chake.

Wengine wetu tungepinga. Wengi, nakuambia ukweli, tungesikitika tu na kuzoea. Lakini yule wa Nyando angetafuta mapema namba nyingine ya kupigia mto ukijaa, na watu wa salamu wangepeana simu zao hewani kabla mlango haujafungwa. Na familia zilizokuwa na maiti mochari wiki ile zisingelipia tangazo la Jumatatu ambalo halikusomwa.

Mzee mmoja wa Mamboleo aliniletea redio yake wiki hiyo. Haikuwa na tatizo. Alitaka nifute tone jekundu nililomtilia zamani na nitie jingine mahali panapofaa. Nilizungusha sindano kutoka mwanzo mpaka mwisho, na yeye ameinamisha sikio, na kila steshoni akatikisa kichwa. Akaiacha, akasema atapita. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha nimeshanunua, iko kwenye droo. Redio yake iko kwenye rafu ya juu, na tone liko palepale.

Wako mwaminifu,
Fundi wa redio,
Soko la Kibuye, Kisumu.