Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kambi za Kupima Damu, Jeni za Urithi na Kazi Iliyo Mbele Yetu

Waheshimiwa wanachama, mama zetu, dada zetu na ndugu wa wagonjwa mliotoka Arua, Gulu, Jinja, Mbarara na hapa Kampala,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji nawaletea taarifa ya shughuli za chama kwa mwaka uliokwisha. Naanza na jambo lililochukua muda mwingi kuliko yote katika vikao vyetu, nalo ni ombi lililotolewa kwenye mkutano mkuu uliopita na kuungwa mkono na wengi, kwamba chama kichangishe fedha na kuandaa kambi za kupima damu ili saratani ya ovari igundulike mapema. Kamati imelichunguza ombi hilo kwa makini na imeamua kutolitekeleza. Najua uamuzi huu umewauma wengi, hasa waliomzika mama au dada ambaye ugonjwa wake ulijulikana tumbo likiwa limekwisha kujaa maji, na kwa sababu hiyo ni wajibu wangu kuueleza kwa kirefu.

Kipimo kilichokusudiwa ni cha CA125, protini inayoongezeka katika damu ya wagonjwa wengi wa saratani hii. Madaktari wamekitumia tangu miaka ya 1980, na hadi leo kinawasaidia kufuatilia maendeleo ya mgonjwa anayetibiwa. Shida huanza pale anapopimwa mwanamke asiye na dalili yoyote. Protini hiyo hupanda pia kwa mwenye fibroidi, kwa mwenye maambukizi ya nyonga, kwa mwenye kifua kikuu cha tumbo, na hata kwa aliye katika siku zake, ilhali karibu nusu ya wanawake ambao saratani yao ndiyo kwanza inaanza hukutwa na kiwango cha kawaida. Hapa kwetu, ambako fibroidi na kifua kikuu ni maradhi tunayoishi nayo kila siku, kambi kama hiyo ingewarudisha nyumbani wanawake wengi wakiwa na hofu isiyo na msingi, na wengine wakiwa na matumaini yasiyo na msingi vilevile.

Jambo hili limekwisha kupimwa kwa utafiti mkubwa. Nchini Uingereza, watafiti walioongozwa na Usha Menon na Ian Jacobs waliandikisha zaidi ya wanawake 200,000 waliokwisha kukoma hedhi, kati ya 2001 na 2005. Kundi moja likapimwa damu kila mwaka na kufanyiwa ultrasaundi ilipohitajika, jingine likafanyiwa ultrasaundi peke yake, na la tatu halikupimwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021, baada ya wanawake hao kufuatiliwa kwa takriban miaka 16, yalionyesha kwamba katika kundi lililopimwa damu saratani nyingi zaidi zilikamatwa zikiwa katika hatua ya kwanza, lakini idadi ya waliokufa kwa ugonjwa huo haikupungua. Marekani, katika utafiti uliotoa matokeo mwaka 2011, wanawake 3,285 waliambiwa kwamba kipimo kimeonyesha dalili za saratani kumbe hawakuwa nayo. 1,080 kati yao wakapasuliwa, na 163 wakapata madhara makubwa kutokana na upasuaji huo. Wale walikuwa na hospitali zenye kila kifaa. Mimi siwezi kuweka sahihi yangu kwenye mpango utakaompeleka mwanamke mzima katika chumba cha upasuaji, katika wilaya ambayo hata damu ya kuongezewa haipatikani kwa uhakika.

Sayansi imeanza kueleza kwa nini ugonjwa huu ni mgumu kuuwahi. Aina yake iliyo ya kawaida zaidi na kali zaidi, kwa sehemu kubwa, haianzii kwenye ovari hata kidogo. Huanzia kwenye ncha ya mrija wa uzazi, katika chembe chache zisizoonekana kwa ultrasaundi, kisha zikadondokea kwenye ovari na kwenye utando wa tumbo kabla uvimbe haujafikia ukubwa wa kushikika. Kutokana na ujuzi huo, tangu 2010 madaktari wa jimbo la British Columbia nchini Kanada wamekuwa wakihimizwa kuiondoa mirija yote, na kuziacha ovari, kwa mwanamke anayetolewa mji wa mimba au anayefunga kizazi kwa hiari yake. Kamati inaona hili ni jambo la kujadiliwa na madaktari wetu, kwa kuwa halihitaji mashine mpya.

Njia yenye matumaini zaidi kwa sasa ni kuwatambua wanawake ambao hatari yao ni kubwa tangu kuzaliwa. Katika nchi ambako takwimu zimekusanywa vizuri, mwanamke wa kawaida hana hata nafasi 2 kati ya 100 za kupata saratani ya ovari maishani mwake. Aliyerithi hitilafu katika jeni ya BRCA1 ana nafasi takriban 44 kati ya 100 kufikia umri wa miaka 80, na mwenye hitilafu katika BRCA2 ana takriban 17. Mwanamke kama huyo, akimaliza kuzaa, anaweza kushauriwa kuondolewa ovari na mirija, kwa kawaida kati ya miaka 35 na 40 akiwa na BRCA1 na baadaye kidogo akiwa na BRCA2, na hatari yake hupungua sana. Si uamuzi mwepesi, kwa kuwa hedhi hukoma ghafla na hakuna kuzaa tena.

Ndiyo maana mwaka huu tulifanya semina za kuchora historia ya familia: duara kwa mwanamke, mraba kwa mwanamume, na wino mweusi ndani ya kila aliyeugua saratani. Katika semina ya Jinja mama mmoja alijaza upande wa mama yake kwa uangalifu mkubwa, akaacha upande wa baba mweupe. Alipoulizwa, alijibu kwamba shangazi zake watatu walikufa "kwa tumbo," ila hakuwaandika kwa sababu maradhi ya wanawake, kwa anavyojua, hupita kwa wanawake. Sivyo. Baba hurithisha hitilafu hii sawasawa na mama, na kila mtoto wake, wa kike au wa kiume, ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuipokea. Katika jamii zetu nyingi shangazi huolewa mbali na habari za ugonjwa wake hubaki huko alikoolewa, kwa hiyo ni upande huu hasa unaohitaji kuulizwa kwa bidii.

Kuhusu utafiti wa hapa nchini, ipo misingi ya kujivunia. Mwaka 2019 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya watu wapatao 6,400 wa Kyamulibwa, kusini magharibi mwa Uganda, na mwaka 2020 ukatoka utafiti wa jeni za urithi kwa wanawake wenye saratani ya matiti wa Uganda na Kamerun, ambao ulizikuta hitilafu za BRCA1 na BRCA2 miongoni mwao. Hata hivyo hazina kubwa ya data za jeni duniani imetokana na watu wa asili ya Ulaya, na mwanamke wa Kiafrika anayepimwa huambiwa mara nyingi zaidi kwamba jeni yake ina badiliko ambalo maana yake haijulikani. Hali hiyo haitabadilika bila sisi kushiriki. Chama kitawahimiza wanachama kujiunga na tafiti zilizoidhinishwa na kamati ya maadili na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, zinazoheshimu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na zinazoahidi kwa maandishi kumrudishia mshiriki majibu yake pamoja na ushauri nasaha.

Hesabu za chama zimekaguliwa na Mweka Hazina atazisoma. Kwa wenzetu waliofariki mwaka huu, tutasimama kimya kabla ya kuanza kura.

Kamati inaomba ridhaa ya mkutano huu ili fedha zilizochangwa kwa ajili ya kambi zitumike kufundisha wakunga na timu za afya za vijiji juu ya dalili zinazodumu, yaani tumbo kujaa, kushiba upesi, maumivu ya nyonga na kukojoa mara kwa mara, na kuwalipia nauli wanaopewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani ya Uganda, Mulago. Fomu za historia ya familia ziko kwa Katibu, na zitapokelewa zikiwa zimejazwa pande zote mbili.