Mfugaji wa kuku alipwe fidia

Mhariri,

Nimesoma taarifa yenu kuhusu mafua ya ndege. Januari 2017 virusi vya mafua hayo, aina ya H5N8, viliua ndege pori Lutembe, Uganda, kando ya Ziwa Victoria, na ziwa hilo ni letu pia hapa Mwanza. Tunahimizwa kutoa taarifa kuku wakifa ghafla. Sawa, lakini nani atamlipa mfugaji kuku wake wakiteketezwa?

Mama mwenye kuku kumi akiona vichwa vimevimba na upanga wa kichwani umegeuka zambarau, huwachinja haraka auze nyama kabla hawajafa. Huwanyonyoa kwa mikono mitupu, watoto wakiwa pembeni. Hapo ndipo ugonjwa unapoweza kumfikia binadamu.

Naiomba serikali itangaze fidia mapema, ilipwe siku hiyohiyo kuku wanapoteketezwa. Na ofisa mifugo wa kata apewe pikipiki na mafuta. Wetu hutembea kwa miguu.

Mfugaji, Mwanza