Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama: kazi yetu ya IT hapa Malindi lazima iwe na kiwango

Assalaam aleikum ndugu wanachama, na wale tunaoamkiana vingine, hamjambo nyote. Hii ndo taarifa yangu ya mwaka kama mwenyekiti wa chama chetu cha mafundi wa IT, yaani kazi za kompyuta na intaneti, nawatumia mapema muisome kwa simu kabla ya mkutano mkuu ili siku hiyo tuingie kwa maamuzi moja kwa moja, manake mara iliyopita tulisomeana ripoti mpaka adhuhuri ikafika na wengine wakaondoka hata kura haijapigwa.

Ya pesa nayapita haraka. Mweka hazina atawatumia hesabu kamili, ada zimeingia vizuri, kodi ya chumba chetu imelipwa, tumenunua projekta na betri kubwa ya kushikilia intaneti stima ikipotea, na hatudaiwi na mtu. Wanachama wapya wametoka Mambrui, Gongoni, Watamu na Gede, na mwaka huu tumepata kina dada wanaofanya netiweki yenyewe, wanapanda ngazi, wanavuta kebo, wanaseti rauta (kifaa cha kugawa intaneti). Nataka hilo lisemwe kwa sauti kwa sababu wateja wengine bado wakimuona binti na ngazi wanauliza fundi yuko wapi. Fundi ndo huyo.

Sasa kilichobaki chote ni kiwango cha kazi yetu, nani aseme huyu ni mtaalamu na aseme kwa kipimo gani.

Mwaka huu tuliitwa na hoteli moja, jina tuliache. Fundi wao wa siku zote alikuwa ameenda Uarabuni kutafuta maisha na simu yake haipatikani, na paswadi za rauta, za kamera, za mfumo wa bukingi, zote zilikuwa kichwani mwake. Wageni wamesimama na mizigo, dada wa risepsheni anajaribu paswadi moja baada ya nyingine mpaka akaunti ikajifunga. Tulipofungua kabati la mitambo, kebo zote ni rangi moja na hakuna hata moja yenye lebo, skrubu za swichi ya netiweki zimeliwa na kutu kwa hii hewa yetu ya chumvi, betri ya UPS, ile mashine ya kushikilia stima ikipotea, imevimba mpaka haitoki kwenye nafasi yake ikabidi tufungue bati lote. Ile mashine ya kurekodi kamera ilikuwa bado na paswadi ya kiwandani, ile inayokuja na kifaa kikiwa kipya, halafu imefunguliwa moja kwa moja kwenye intaneti, yaani mtu akiwa popote duniani angeweza kukaa akaangalia watoto wa wageni wakiogelea. Juu ya kabati kulikuwa na flashi, tukaichomeka kwenye kompyuta ya meneja mwenyewe akiwepo, tukakuta picha za paspoti za wageni, folda baada ya folda, hazijafungwa kwa chochote.

Na huyo fundi alikuwa na vyeti, viko ukutani ofisini mle mle, vimetiwa fremu. Si mtu mbaya, wengi wetu tunamjua na amewafundisha vijana wengi hapa mjini. Lakini hakuna siku mtu alimwambia kazi ikiisha unamkabidhi mteja nini, na hakuna aliyemuuliza.

Tukumbuke hizo paspoti zina sheria yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya 2019 na inatugusa sisi mafundi wadogo pia. Hoteli ndo inayoamua data ya mgeni itumike vipi, sisi tunaoishika kwa niaba yake sheria inatutambua kama wachakataji, kwa hiyo mimi na wewe tukigundua data imevuja tunatakiwa kumwambia mteja bila kuchelewa, ndani ya saa 48 ikiwezekana, na mteja naye ana saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Kuna wanaoniambia mwenyekiti sisi ni wadogo hayo hayatuhusu. Ni kweli biashara yenye mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 imesamehewa kujisajili, lakini sekta ya hoteli na wageni haimo kwenye msamaha huo hata ikiwa ndogo, na hospitali na shule hali kadhalika. Sasa toa hoteli, shule na kliniki hapa Malindi uniambie umebaki na wateja gani. Halafu kusamehewa kujisajili hakukuondolei jukumu la kuilinda data yenyewe.

Kuna na ile tabia ya kubaki na paswadi za mteja uliyeachana naye, unaingia usiku "kuangalia tu kama mambo yako sawa". Jamani. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 inasema kuingia kwenye mfumo bila idhini ni faini mpaka milioni 5 au kifungo mpaka miaka 3, au vyote viwili. Nia yako nzuri haikupi idhini, mkataba ukiisha na ruhusa imeisha.

Wanachama wengi wameniuliza msimamo wa chama kuhusu leseni ya serikali. Mnakumbuka ule mswada wa wataalamu wa ICT (teknolojia ya habari na mawasiliano) ulikuja 2016 ukapigiwa kelele nchi nzima, ukarudi tena 2020, Bunge likaupitisha 2022 na Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuutia sahihi. Mimi niliupinga na bado napinga kitu chochote kitakachomwambia kijana wa mtaa wetu wa Kisumu Ndogo aliyejifunza mwenyewe kwenye laptopu ya mtumba kwamba bila digrii asiguse kazi. Lakini pia sikubaliani na wenzangu wanaosema basi tuachwe tu kila mtu afanye atakavyo. Fundi stima anahitaji leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali ya kawi na mafuta, fundi wa sola pia, na hakuna anayeona ni uonevu kwa sababu kazi mbaya ya stima inaua watu. Kazi yetu mbaya inaibia watu, inawaaibisha, na kwenye kliniki inapoteza rekodi za mgonjwa.

Nimeangalia wenzetu wa nje wamefanyaje. Marekani walikuwa na mtihani wa leseni ya injinia kwa watu wa programu, ulianza 2013 ukasimamishwa baada ya Aprili 2019 kwa sababu kwa miaka yote hiyo walioufanya walikuwa 81 tu. Nchi nzima ile! Waajiri hawakuuliza, basi watu hawakuona sababu ya kuufanya. Uingereza wana BCS, chama cha wataalamu wa kompyuta kilichoanza 1957 na kikapewa hati ya kifalme 1984, kinatoa hadhi ya mtaalamu kwa hiari na asiyekuwa nayo hafukuzwi kazini. Hiyo ya pili ndo naona inatufaa, kiwango kinashikwa na wenye kazi wenyewe na mteja anafundishwa kukiuliza.

Kuhusu vyeti, navipenda na nawahimiza mvitafute, ila tuchague kwa akili. Kijana anayerekebisha mashine aanze na cheti cha CompTIA A+, ni mitihani miwili na ina maswali ya kutenda, huchagui herufi ya jibu tu. Wa netiweki aende CCNA, cheti cha Cisco, kampuni ya vifaa vya netiweki, mtihani mmoja wa dakika 120, dola 300, ambayo kwa kijana wa hapa ni pesa nyingi sana na ndo maana kamati inapendekeza mfuko wa kukopeshana ada ya mtihani. Vyote viwili vinaisha baada ya miaka 3, sipendi gharama yake lakini nakubali sababu, manake fundi aliyeacha kusoma mteja hawezi kumtambua kwa macho. Na wale wenye ujuzi wa miaka bila karatasi yoyote, serikali ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, unaitwa RPL, uko chini ya KNQA, mamlaka ya kitaifa ya sifa za masomo na ujuzi, kamati itawasaidia wazee wetu kujaza fomu. Msione haya.

Mitihani hii sai inafanyika kwa intaneti pia, na mwaka huu mwanachama mwenzetu mmoja alifanyia CCNA kwenye chumba chetu. Nilikuwa nje ya mlango. Kabla ya kuanza ilibidi apige picha pande nne za chumba, meza iwe tupu, tukabandua hata ile ratiba ya ukutani, na msimamizi yuko mbali anamuangalia kwa kamera muda wote. Binti ana mazoea ya kusoma kwa midomo, akaonywa mara ya kwanza asisogeze mdomo. Katikati stima ikapotea, feni ikanyamaza, mimi nje jasho linanitoka, lakini ile betri ikashika rauta na laptopu ilikuwa na chaji akaendelea kama hakuna kitu. Alipita. Kwa hiyo wanaouliza kwa nini tulitumia pesa nyingi kwa betri, ni kwa ajili ya mtihani kama ule.

Sasa yale tutakayopigia kura. Kamati inapendekeza kila mwanachama akimaliza kazi amwachie mteja daftari la makabidhiano, lenye mchoro wa netiweki, orodha ya vifaa, bakapu (nakala ya akiba ya data) iko wapi na mara ya mwisho ilijaribiwa lini kurudishwa, na paswadi kwenye bahasha iliyofungwa ambayo meneja anaweka sefu. Kebo ziwe na lebo. Paswadi ya kiwandani isibaki kwenye kifaa hata kimoja. Data ya mteja isikae kwenye flashi wala simu ya fundi. Na tumechukua kifungu kimoja kwenye maadili ya 2018 ya ACM, chama cha kimataifa cha watu wa kompyuta, kwamba mtu afanye kazi kwenye eneo analoliweza tu, ukipewa kazi iliyokuzidi mlete mwenzako mgawane malipo, hakuna aibu hapo. Mteja akilalamika, wanachama wawili wasiohusika wataenda kuikagua kazi na ripoti yao itasomwa kwa kamati. Atakayekataa kukaguliwa jina lake litaondolewa kwenye orodha tunayowapa wateja.

Najua hili la mwisho linawauma wengine, nimepigiwa simu nyingi. Wanasema tutajifukuzia wanachama. Huenda wachache wakaondoka, mimi niko tayari kwa hilo, kwa sababu meneja wa ile hoteli aliniuliza mbele ya vijana wetu, nitajuaje wa kumwamini, na jibu la kumpa sikuwa nalo kwa maandishi. Nataka mwaka ujao tuwe nalo.

Nakala ya rasimu ya maadili na mfano wa daftari vitawekwa chumbani kwetu kuanzia Jumatatu, pitieni mkaandike marekebisho pembeni kwa kalamu. Wanaosimamia saiba, yaani vyumba vya intaneti vya umma, watuambie hasa kile kifungu cha data kama kinatekelezeka, kwa sababu wao ndo wanaoachiwa vitambulisho na vyeti vya watu kila siku kwenye deskitopu. Fomu za mfuko wa mitihani ziko kwa katibu.