Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora: mbegu ya mninga si gogo

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

YAH: BIASHARA YA MBEGU ZA MITI YA ASILI

Salamu kutoka Urambo. Kikundi chetu kinaokota, kinasafisha na kuuza mbegu za mninga, mkurungu, mpingo na mkora. Wanaonunua ni wenye vitalu, shule, wakulima wa tumbaku wanaotakiwa kupanda miti, na mara chache watu wa nje wanaotafuta mbegu adimu. Nakuandikia hadharani kwa sababu ofisini tumeshakwenda, na kila meza ilituelekeza meza nyingine.

Msimu uliopita gunia letu lilishushwa kwenye basi, kwenye geti moja la ukaguzi.

"Nini hiki?"

"Mbegu za mninga, afande."

"Mninga umezuiwa. TP iko wapi?"

TP ni kibali cha kusafirisha mazao ya misitu. Nikaeleza kwamba hakuna mbao humo, ni mbegu. Akaniuliza ni mita ngapi za ujazo. Abiria walicheka. Mimi sikucheka, maana basi liliondoka, gunia likabaki.

Kijana yule simlaumu sana. Alichosikia ni kwamba mninga umeingia CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na ni kweli. Mkurungu uliwekwa kwenye Kiambatisho cha Pili, orodha ya viumbe ambavyo kuviuza nje ya nchi kunahitaji kibali, mwaka 2019, kwenye mkutano wa Geneva. Novemba 2022, huko Panama, ikaongezwa miti yote ya jamii ya Pterocarpus ya Afrika, mninga ukiwemo, pamoja na jamii ya Afzelia, ambayo ndiyo ya mkora. Lakini orodha hiyo ina maelezo yake: kinachobanwa ni magogo, mbao, plaiwudi na bidhaa nyingine za mti uliokwisha kupasuliwa. Mbegu haimo. Kwa mpingo imetamkwa waziwazi kabisa kwamba majani, maua, matunda na mbegu havihusiki. Mkataba ulilenga malori ya magogo, na sisi tuliyaona yakipita hapa huku mkurungu ukiisha porini, kwa hiyo hatuna ugomvi nao. Tatizo ni kwamba katazo limefika getini, maelezo yake yameachwa njiani.

Mheshimiwa, sijui kama umewahi kushika tunda la mninga. Ni kama kisahani, pembeni lina bawa kavu, katikati limejaa miiba myembamba. Bawa unalikata kwa mkasi. Katikati unapasua kwa kisu, taratibu, miiba ikikuingia vidoleni, upate mbegu moja, zikizidi mbili. Matunda mengine ni matupu. Mche ukiota, shina lake hukauka kila kiangazi na kuchipua upya kutoka mzizini, miaka kadhaa, ndipo lisimame. Haishangazi kwamba watu wanakimbilia mikaratusi. Anayetaka kupanda mninga ni mtu wa kusaidiwa, na msaada wa kwanza ni mbegu iliyofika kwa wakati. Moto wa Agosti na Septemba ukitutangulia, tunaokota majivu. Vitalu navyo vinataka mbegu kabla ya mvua za Novemba. Ya mpingo nayo haifai kulazwa stoo muda mrefu.

Soko la nje nalo limebadilika. Tangu Desemba 2019 Umoja wa Ulaya unadai cheti cha afya ya mimea hata kwa pakiti ndogo ya mbegu. Kwetu cheti hicho ni kazi ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea, na kwa mbegu kiganja kimoja nauli ya kukifuatilia inameza bei. Hilo nimelikubali, magonjwa ya mimea yapo kweli.

La ndani ndilo silikubali. Mkulima mdogo wa mahindi anayo mbegu ya kuazimiwa ubora, daraja lililowekwa kwa wazalishaji wadogo, anaizalisha na kuiuza jirani, TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, wakikagua. Muuza mbegu za mninga anaambiwa mti ni wa Maliasili, mbegu ni ya Kilimo, na wote wawili hawampi karatasi.

Kubadili sheria si kazi yako, najua. Lakini TFS (wakala wa huduma za misitu), TPHPA, TOSCI na maofisa misitu wa halmashauri unaweza kuwaita wakae meza moja, watoke na tamko lenye sahihi na mhuri, libandikwe kila geti: mbegu za miti ya asili zinahitaji kibali gani, nani anakitoa, kwa shilingi ngapi na ndani ya siku ngapi. Sheria ya Misitu ya 2002 inatambua misitu ya hifadhi ya vijiji. Basi mbegu zilizookotwa humo, kwa uzito mtakaoupanga, zisafiri kwa barua ya mtendaji wa kijiji. Wapo wanaokata matawi ili kupata maganda ya mbegu haraka, na hao wabanwe. Sisi tuko tayari miti mama tunayookotea iorodheshwe, mkaguzi aje aitazame.

Maganda ya mwaka huu yameshaanza kukauka mitini. Tamko likitoka kabla ya Agosti, litatukuta bado tunaokota.

Wako,
Katibu wa kikundi cha waokota mbegu, Urambo