Malalamiko kuhusu mavazi ya jioni na amana mliyokata

Idara ya Mavazi,
Kwaya ya Wanaume,
Nairobi.

Kwa Meneja,
Kampuni ya Kukodisha Suti,
Nairobi.

Bw./Bi.,

MINT: KUREJESHEWA AMANA NA NUSU YA KODI

Oda yetu ilikuwa seti 12 za mavazi ya tai nyeusi (vazi rasmi la jioni) kwa tamasha la jioni. Mlitupa suti za ofisini zilizobandikwa satini kolani, kisha mkakata amana mkidai tumeharibu makoti.

Tuanze na makoti hayo. Kitambaa cha ndani cha kifua kimegandishwa kwa gundi, si kwa kushonwa. Gundi ya aina hiyo huachia ikichoshwa na dobi na joto kali la pasi, na kitambaa cha juu hutoa malengelenge. Ukiyapiga pasi yanalala. Mvuke ukipoa yanainuka tena. Mtu hawezi kuyasababisha kwa kuvaa koti saa chache. Picha tulizipiga kaunta kwenu, kabla hatujatoka, na mhudumu wenu akatia sahihi. Satini nayo ina mng'ao wa madoadoa kwa kuwa ilipigwa pasi moja kwa moja. Satini ya poliesta hutaka moto mdogo na kitambaa cha pamba juu yake, jambo ambalo dobi yeyote wa mtaani analijua.

Hata makoti yangekuwa mapya, hayakuwa tuliyolipia. Koti la jioni huwa na kifungo kimoja kilichovikwa kitambaa, na mifuko isiyo na vifuniko. Yenu yana vifungo viwili vya plastiki. Suruali zina vitanzi vya mshipi, ambavyo suruali ya jioni haina, na sita zina tepe mbili ubavuni. Tepe mbili ni desturi ya koti la mkia na tai nyeupe, vazi jingine kabisa. Mashati ndiyo yalituudhi zaidi: mlitupa vifungo vya kuchomeka, ambavyo hupitishwa kwenye matundu ya pande zote mbili za shati, lakini mashati yameshonewa vifungo vya kawaida, kwa hiyo upande mmoja hauna tundu la kupitisha chochote.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaostahili, na fidia anapopata hasara. Tunadai amana yote na nusu ya kodi ndani ya siku 14, kwa nambari ileile ya M-Pesa tuliyolipia. Nakala za risiti na picha tumeziambatisha.

Wenu,
Idara ya Mavazi