Baba, kazi yangu ndiyo hii

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, na naomba barua hii iwakute nyote wazima.

Uliniuliza kwenye simu kama mimi ni mwigizaji au fundi, nikajibu "yote mawili" kisha simu ikakatika. Swali lako lilistahili jibu refu zaidi.

Naigiza, nashona maleba, napanga taa. Siku nyingine nakaa kwenye kibanda nyuma ya watazamaji, nikiwaeleza wasioona yanayotendeka jukwaani. Wao wanavaa visikilizi masikioni. Mwigizaji akinyamaza napata sekunde mbili tatu za kuchomeka neno: "Anakunja karatasi. Hamtazami mumewe." Nikisema "amekasirika" nimewapunja, hasira waipime wenyewe. Huduma hii ilianza kwenye michezo ya huku Marekani mwaka 1981, katika jumba la Arena Stage mjini Washington.

Kabla ya onyesho tunawapandisha jukwaani washike vitu. Juzi bibi mmoja alipapasa gauni la malkia nililolishona, akateremsha vidole mpaka kwenye pindo, akatulia. "Hapa pameshonwa upya," akasema. Kweli, palichanika usiku wa kuamkia siku hiyo nikapaziba kwa uzi mwingine. Ukumbi mzima wa wenye macho haukupaona.

Kuna kosa langu moja ambalo sijawahi kukusimulia. Zamani kidogo tulimwita mkalimani wa lugha ya alama wiki ya mwisho ya mazoezi, tukamsimamisha pembeni, na mimi nilipopanga taa nikamsahau. Tukio la usiku lilipofika, mikono yake ikamezwa na giza. Viziwi waliokaa safu ya mbele wakabaki kutazamana, na wawili hawakurudi baada ya mapumziko. Hakuna aliyenigombeza, lakini sikupata usingizi. Tangu hapo sharti langu ni moja: siku muswada unaposomwa mara ya kwanza, kiziwi awe mezani, mwenye sauti katika kila uamuzi. Kundi la Deaf West la Los Angeles, lililoanzishwa mwaka 1991, linaweka viziwi na wanaosikia katika mchezo mmoja: huyu anasema kwa mikono, yule anatoa sauti, na mhusika ni mmoja. Ukiwatazama hujui umsifu nani.

Na bado kazi ipo, Baba. Mwaka 2019 mwigizaji Ali Stroker alishinda Tony, tuzo kubwa ya michezo ya jukwaani huku Marekani, wa kwanza kuishinda akiwa anatumia kiti cha magurudumu. Ilibidi asubiri nyuma ya jukwaa, kwa sababu hapakuwa na mteremko wa kumtoa kwenye viti hadi jukwaani. Watu wanakumbuka mlango wa mtazamaji, wanasahau wa msanii. Linaniuma sana hilo.

Sasa kuhusu Mama. Ulisema macho yake yamezidi kufifia, na kwamba video ninazotuma anazisikiliza tu, kisha anawauliza watoto, "Sasa anafanya nini?" Nimeurekodi upya mchezo wetu wa mwisho, nikimweleza kwa Kiswahili tangu pazia linapofunguka. Mimi naingia kutokea kushoto, nimevaa koti la kijani lenye kifungo kimoja kilichokatika. Nimemwambia hilo dakika ya kwanza. Umwekee usiku watoto wakishalala. Na tafadhali Baba, wewe usimweleze chochote.

Ni mimi mwanao.